Tanuri la Washana na Mtihani wa Maji

Anayeisoma historia ya Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, hukutana kwanza na siasa: jinsi ukoo wa Wasuya, chini ya Angovi, ulivyowapindua Washana, na jinsi Mranga, mwanawe Angovi, alivyoijenga dola. Profesa Isaria Kimambo aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Jambo tunalolipita haraka ni kwamba hao Washana waliopinduliwa walikuwa wahunzi. Walipoteza utawala lakini ufundi ukabaki mikononi mwao, kwa kuwa mtawala mpya naye alihitaji majembe na mikuki. Hata Wachaga wa Kilimanjaro walikitegemea chuma cha Upare.

Ujuzi huo ulirithishwaje? Malighafi ilikuwa mchanga mweusi wenye madini ya chuma. Ilibidi kuutenga na mchanga wa kawaida, kuandaa makaa, kujenga tanuri la udongo na kuvukuta mivukuto kwa mwendo usiokatika. Moto ukilegea, unapata taka tupu. Kazi ya namna hii haifundishiki kwa maneno pekee. Kijana huijua kwa mikono iliyochoka na kwa macho yaliyozoea kuisoma rangi ya moto. Donge likikataa kufulika, huo ndio mtihani na hayo ndiyo matokeo.

Darasa la pili lilikuwa ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe ambalo hukusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa mfereji. Wanaodhani kwamba hesabu za mteremko zililetwa na shule wautazame mfereji wa Upare. Mteremko ukizidi, maji huula mfereji. Ukipungua, tope huuziba. Wazee waliupata ule wa kati bila darubini ya upimaji, na vijana waliujifunza katika msaragambo, jembe mkononi, kwa kuyafuata maji yenyewe.

Kisha reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na chuma cha viwanda vya Ulaya kikazidi kumiminika. Tanuri likazimika, mhunzi akabaki kufua vyuma chakavu. Lakini hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilitokea darasani. Shule ya kikoloni ilimtenga msomi na fundi, na ikamlipa msomi zaidi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alijaribu kuwaunganisha kwa Elimu ya Kujitegemea. Tuliosoma miaka iliyofuata tunakumbuka ilivyoishia katika shule nyingi: kulima shamba la shule, mara nyingine kama adhabu. Tulifanya kazi, lakini hatukupewa tatizo la kutatua.

Niliwahi kualikwa kusikiliza miradi ya wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa nne. Kijana mmoja alionyesha michoro mizuri ya daraja dogo la waenda kwa miguu. Nilipomuuliza kama amewahi kujenga hata mfano wake wa mianzi na kuupakia mawe hadi uvunjike, ukumbi mzima ulicheka, na jopo likacheka pia. Alipata alama ya juu. Sikumlaumu, hakuna aliyewahi kumdai zaidi ya hapo.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Wakuu wa elimu wananiambia kikwazo ni vifaa, na sina sababu ya kuwabishia. Hata hivyo, Mwanga na Same zina vifaa ambavyo hakuna bohari inayoweza kuleta. Wape wanafunzi thelathini ndiva moja inayovuja na muhula mzima. Wapime, wachore, wakosee, wabomoe, wajenge upya. Na wakati wa kusahihisha, mwalimu asikae peke yake. Akae na mkulima wa shamba la mwisho kabisa mferejini, yule ambaye maji huchelewa kumfikia.