Kupachika na Kupachua: Historia Fupi ya Amri Mbili za Unix

Makala haya yanafuatilia historia ya amri mbili za mfumo wa Unix, yaani mount na umount, zinazotumika kila diski inayohamishika inapowekwa au kuondolewa. Yanakusudia kuonyesha kwamba hitilafu nyingi za diski hizo zina chanzo kimoja cha kale: tendo la mkono ni jambo moja, na tangazo linalotolewa kwa mfumo ni jambo lingine.

1. Asili ya amri

Unix ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara ya Bell, Murray Hill, nchini Marekani. Mwongozo wake wa kwanza, wa tarehe 3 Novemba 1971, ulikuwa tayari na amri hizo mbili. Nyakati hizo neno mount lilitaja kwanza kazi ya mikono: mtu alichukua sahani nzito ndani ya kasha lake akaipandisha kwenye mashine ya kuizungusha. Kompyuta iliyoelezwa na Ritchie na Thompson mwaka 1974 ilikuwa na mashine nne za namna hiyo, kila sahani ikibeba baiti milioni 2.5.

Amri yenyewe haikupandisha kitu. Ilitangaza tu kwamba kifaa fulani sasa kina mti wa mafaili, na kwamba mti huo uunganishwe kama tawi kwenye saraka fulani ya mti mkuu.

2. Hitilafu na sababu zake

Tangazo likisahauliwa, saraka bado ipo, lakini ni tupu. Mtumiaji hunakili kazi yake humo akidhani imefika kwenye diski, kumbe imebaki katika kompyuta. Diski ikitangazwa baadaye, mafaili hayo hufunikwa, naye hudhani yamepotea.

Mkono ukitangulia tangazo la kuondoa, hasara ni kubwa zaidi. Unix haiandiki kila kitu papo hapo: huweka maandishi katika kumbukumbu na kuyapeleka kwenye diski baadaye. Katika mifumo ya zamani upelekaji huo ulifanyika kila baada ya sekunde 30 hivi. Disketi iliyochomolewa kabla ya hapo iliweza kutoka na tasnifu nusu.

Mara nyingine mfumo hukataa tangazo na kusema kwamba kifaa kina shughuli. Maana yake ni kwamba programu fulani imefungua faili humo, au mtumiaji mwenyewe bado amesimama ndani ya saraka hiyo. Amri fuser huonyesha anayeishikilia. Wengine hukwama kwa sababu ndogo zaidi: huandika unmount, ilhali amri haina herufi n ya kwanza.

Katika Linux, iliyoanza mwaka 1991, uchunguzi hufuata utaratibu uleule. Amri dmesg hueleza kama kiini cha mfumo kimekitambua kifaa. Faili /proc/mounts huorodhesha yaliyokwisha kutangazwa. Tangu udev ilipotokea mwaka 2003, kompyuta nyingi hutangaza flashi zenyewe mara zinapochomekwa. Kuaga, hata hivyo, kumebaki wajibu wa binadamu.

3. Swali la istilahi

Mwanafunzi wa Kongo hukutana na amri hizi kwa Kifaransa: monter na démonter. Neno la pili lina pia maana ya kufungua kitu vipandevipande, nalo la kwanza huchanganya mkono na tangazo, kama lilivyo la Kiingereza. Kiswahili kina njia iliyo wazi zaidi. Vitenzi vyake huunda jozi za kutenda na kutendua: funika na funua, anika na anua, bandika na bandua. Katika jozi hizo zimo chomeka na chomoa, zinazofaa kwa kazi ya mkono, na pachika na pachua, zinazoweza kutengwa kwa ajili ya tangazo.

Kwa msamiati huo kanuni nzima hutamkika kwa maneno machache: chomeka, kisha pachika, pachua, kisha chomoa. Anayeshika mpangilio huo wa vitenzi vinne amekwisha kujikinga na hasara iliyo kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa.