Viashiria vya Inflamesheni katika Jeraha la Figo Litokanalo na Sepsisi

Sepsisi, kwa fasili iliyotolewa na jopo la wataalamu wa kimataifa mwaka 2016, ni hali ya viungo vya mwili kushindwa kufanya kazi kiasi cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili umeyakabili maambukizi kwa namna iliyovuka mpaka. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema, na ndiyo maana hupimwa viashiria vya inflamesheni, yaani kemikali zinazoongezeka katika damu kinga ya mwili inapopambana na vimelea, kwa matumaini kwamba vitatoa onyo kabla madhara hayajawa makubwa. Makala hii inatetea hoja kwamba viashiria hivyo huonyesha ukali wa mapambano, lakini peke yavyo havithibitishi kwamba figo imejeruhiwa.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba katika sepsisi figo huumia kwa kukosa damu, kwa kuwa shinikizo la damu hushuka. Majaribio yaliyofanywa Australia kwa kondoo waliodungwa bakteria aina ya Escherichia coli yaliitikisa imani hiyo, kwani damu iliyopita figoni iliongezeka ilhali uwezo wa kuchuja ulipungua. Tangu hapo uzito umeelekezwa zaidi kwenye inflamesheni yenyewe na kwenye mishipa midogo ya damu. Endotoksini, yaani sumu itokayo katika kuta za baadhi ya bakteria, hufika kwenye mirija ya figo na kunaswa na vipokezi viitwavyo TLR4, na inadhaniwa kwamba seli za mirija hupunguza kazi ili zijinusuru. Maelezo hayo yanaafikiana na jambo linaloonekana kwa darubini: figo za waliofariki kwa sepsisi mara nyingi huwa na seli chache zilizokufa, ingawa figo hizo zilikuwa zimeacha kuchuja.

Ugumu wa viashiria hutokana na chanzo chavyo. Protini ya CRP hutengenezwa na ini baada ya kuchochewa na intalukini-6, kemikali ya kinga ya mwili, huanza kupanda baada ya saa kadhaa na kufikia kilele yapata siku ya pili, lakini hupanda vilevile baada ya upasuaji au kuungua. Prokalsitonini, kiashiria kingine cha damu, hupanda haraka zaidi na huelekeza kwenye bakteria. Hata hivyo, sehemu yake hutolewa mwilini kupitia figo, hivyo kiwango kikubwa huweza kuwa tokeo la figo dhaifu badala ya ukali wa maambukizi. Hata NGAL, protini inayosifiwa kuwa hutolewa na mirija iliyojeruhiwa, hutolewa pia na neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, kwa hiyo katika sepsisi huongezeka hata figo ikiwa salama.

Katika Afrika Mashariki tahadhari hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa malaria kali nayo hupandisha CRP na prokalsitonini, na yenyewe pia huweza kujeruhi figo. Kreatinini, taka ya misuli inayotumika kupima uchujaji, nayo hupanda kwa kuchelewa, na maji ya dripu huizimua. Kinachobaki ni kipimo kisichohitaji maabara. Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2012, mkojo ulio chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6, ni dalili ya jeraha la ghafla la figo. Kwa mgonjwa wa kilo 60, hiyo ni chini ya mililita 180 kwa muda wote huo, kiasi kisichojaza glasi moja ya chai.

Kwa hiyo kiashiria cha inflamesheni kinapaswa kusomwa kwa mfululizo wa vipimo, kikilinganishwa na kreatinini na mkojo wa kila saa. Wodi inayopima CRP kila siku bila kuandika kiasi cha mkojo inafahamu kwamba mwili unapambana, lakini haifahamu hali ya figo.