Mkurugenzi na Amana ya Kampuni



Katika Oli, Arua na Koboko, askari akishastaafu huingia katika biashara, na wengine huungana na kuandikisha kampuni. Ni jambo jema. Lakini anayejiita mkurugenzi yafaa ajue historia ya cheo hicho.

Mwaka 1888 serikali ya Uingereza iliipa hati kampuni ya watu binafsi, Imperial British East Africa Company, ikairuhusu kutoza ushuru na kuweka askari. Mwaka 1891 afisa wake, Lugard, alifika Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha. Kwao limetokana kundi kubwa la Wanubi wa Uganda. Gharama zilipoishinda, kampuni ilijiondoa Uganda mwaka 1893. Wakurugenzi walikuwa London. Askari walibaki huku, wakakabidhiwa kwa bwana mwingine.

Mwaka 1896, huko huko London, mahakama ya juu ilikata kesi ya mtengeneza viatu aitwaye Salomon. Iliamua kwamba kampuni iliyoandikishwa ni nafsi mbali na wenye hisa, na deni lake ni lake. Kanuni hiyo ilienea katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, Uganda ikiwamo. Lakini kama deni la kampuni si la mkurugenzi, basi na fedha ya kampuni si yake pia. Hapo ndipo wengi walipojikwaa.

Mwezi Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwafukuza Waasia, ikawapa siku 90. Maduka na viwanda vyao viligawiwa, na askari wengi wakajikuta ni wafanya biashara. Wengi hawakuwahi kufundishwa hesabu za biashara. Bidhaa ziliuzwa, mapato yakatumiwa kama mshahara, na hakuna kilichowekwa cha kununulia bidhaa nyingine. Rafu zikabaki tupu, na mwananchi akakosa sukari, chumvi na sabuni. Mali ilikuwa imechukuliwa kwa wenyewe bila haki, ikatolewa kwa wengine bila wajibu. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuwarudishia wenyewe, na mashauri yakaendelea kwa miaka mingi. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya sasa haiachi nafasi ya kujitetea kwa kutojua. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema, awe na uangalifu wa mtu anayetunza biashara yake mwenyewe, atangaze maslahi yake yanapogongana na ya kampuni, wala asijipatie faida kwa kuiumiza kampuni. Akishiriki katika udanganyifu au ukwepaji wa kodi, Mahakama Kuu inaweza kuliondoa pazia la kampuni na kumtazama yeye mwenyewe nyuma yake.

Kuhusu kodi, Mamlaka ya Mapato ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1991, inataka kampuni itoe taarifa ya mapato yake katika miezi sita tangu mwaka wa hesabu kwisha. Kiwango cha kawaida cha kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 30. Kodi inayokatwa katika mishahara ya wafanyakazi hupelekwa kila mwezi. Kampuni inaishika tu, haiimiliki. Mkurugenzi akiitumia kununua gari amekula fedha ya umma.

Askari hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Bunduki aliyoitilia sahihi ghalani si yake. Atailinda, na siku ya ukaguzi ataionyesha. Kampuni nayo ni hivyo hivyo. Daftari ndilo gwaride lake, na siku ya ukaguzi huja. Anayetaka cheo cha mkurugenzi na aanze kwa kufungua daftari.