Hesabu ya Kingamwili na Watu wa Njoro

Mwaka 1930, kondoo na wana wao walipokuwa wakifa kwa wingi katika shamba moja kando ya ziwa Naivasha, kusini-mashariki ya Njoro, Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na tabibu Garnham, waliyachunguza maradhi yale, na mwaka uliofuata wakayatangaza kwa jina la Homa ya Bonde la Ufa. Njoro yenyewe ilikwisha kuijua misiba ya namna hiyo tangu siku za mlowezi Lord Delamere, aliyepata ardhi huko mwaka 1903 akapoteza mifugo mingi. Katika elimu ya mifugo ilithibiti kwamba mnyama aliyepona hubakiwa na kingamwili damuni, nazo huwa ushahidi kwamba aliugua. Lakini ilithibiti vilevile kwamba ushahidi huo una mipaka yake, kwani mwana-kondoo asiyepata kuugua huweza kukutwa nazo kwa kuwa amezinyonya katika dang'a la mama yake.

Hadhari iyo hiyo ndiyo iliyohitajiwa mwaka 2020. Korona ilipotangazwa nchini mwezi wa Machi, shule na vyuo vilifungwa, Chuo Kikuu cha Egerton hapo Njoro kikiwamo, na benki ya damu ya taifa ikawakosa wanafunzi, ambao aghalabu ndio waliokuwa nguzo ya uchangiaji. Katika damu iliyoendelea kutolewa baina ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, Sophie Uyoga na wenziwe wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipima sampuli 3,098, wakakuta kingamwili za korona katika 174, yaani asilimia 5.6. Hawakuiacha hesabu hiyo mbichi, bali waliipatanisha na idadi ya wananchi wote na kasoro za kipimo, ikashuka hadi 4.3.

Upatanisho huo nauona kuwa ndio moyo wa kazi yao. Kipimo kilikuwa chema: katika watu mia wasiopata kuambukizwa kilimkosea mmoja tu, na katika mia walioambukizwa kiliwatambua takriban 93. Hata hivyo, tuwachukue watu 1,000 ambao 43 kati yao wameambukizwa: kipimo kitawatambua 40, kisha kitawasingizia kama kumi miongoni mwa 957 waliosalimika, hata katika kila majibu 50 ya kwamba kingamwili zipo, kumi yawe si kweli. Mapema mwaka 2021, kiwango miongoni mwa wachangiaji kilipofikia asilimia 48.5, kipimo kilekile, katika watu 1,000 vilevile, kingekosea majibu kama matano tu kati ya 455 ya kwamba kingamwili zipo. Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni kuenea kwa maradhi.

Fauka ya hayo, sampuli zile zilitoka katika vituo vinne, Mombasa, Nairobi, Kisumu na Eldoret, na kituo cha Nakuru, kilicho jirani na Njoro, hakikuwamo. Tena wachangiaji walikuwa watu wa miaka 15 hadi 64, wenye afya ya kutosha kutoa damu, wala si vikongwe wa mashamba ya ngano. Mombasa ilipata asilimia 8.0 na Nairobi 7.3, ila mtu wa Njoro hakuwa na haki ya kuzichukua hesabu hizo akazifanya zake. Utafiti ule ulistahili sifa kubwa kwa kufichua kwamba maambukizi yalikuwa mengi mno kuliko wagonjwa waliohesabiwa, lakini ulisema habari za umma, haukumpa mtu mmoja mmoja cheti cha amani. Mnamo tarehe 24 Aprili 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni lilikuwa limekwisha kuonya dhidi ya vyeti vya namna hiyo, madhali haikuthibiti bado kwamba aliyepona hawezi kuambukizwa tena.

Basi msomaji, likija janga jingine ukaletewa jibu la kingamwili, muulize aliyekupima maradhi yameenea kiasi gani mahali unapokaa, na mpaka upate jawabu la yakini, usiivue barakoa mbele ya wazee wako.