Tarehe ya Mashine Itungayo na Isahihishayo

Wengi wa waandishi wa leo, wanapoiamrisha programu iwakamilishie kisa au iwasafishie ibara, hudhani ufundi huo ni wa juzi tu, ulioingia duniani Novemba 2022 ilipotolewa ChatGPT. Ilhali asili yake ni kongwe zaidi, nao haukutoka katika chemchemi moja bali mbili, ya kutunga na ya kusahihisha, ambazo kwa miaka mingi hazikujuana.

Ya kutunga ilianzia Manchester, Uingereza, mwaka 1952, Christopher Strachey alipoitumia kompyuta ya Ferranti Mark 1 kuandika barua za mapenzi. Mashine ilipewa majina, vitenzi na sifa za kimahaba, nayo kwa nasibu tu ikaokota neno hapa na neno pale, ikayapanga katika sentensi zilizokwisha kukatwa vipimo, kisha ikatia saini. Barua zilijaa shauku, lakini shauku hiyo haikuwa na mwenyewe.

Aliyelishika jambo kwenye shina lake ni James Meehan wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye mwaka 1976 aliwasilisha tasnifu ya udaktari juu ya programu aliyoiita TALE-SPIN. Yeye hakuanza na maneno; alianza na haja. Aliwapa wanyama njaa na kiu, akawapa urafiki na uadui, kisha akaiacha mashine imtafutie kila mmoja njia ya kufikia muradi wake, na njia hiyo ndiyo ikawa hadithi. Nami sioni sehemu ya tarehe hii iliyo na mafunzo zaidi kuliko hadithi zake zilizoharibika, ambazo Meehan, kwa uungwana wa mwanachuoni wa kweli, alizionyesha bayana badala ya kuzificha. Katika mojawapo dubu mwenye njaa amwuliza ndege asali ilipo. Ndege amjibu kuwa katika mti fulani mna mzinga wa nyuki. Na dubu, asiyejua kwamba penye mzinga hutarajiwa asali, atishia kumpiga rafikiye kana kwamba hakujibiwa. Ikabainika hapo kwamba lile alijualo mtoto mdogo asikilizaye ngano, pasi na kufundishwa na mtu, mashine ilibidi iandikiwe waziwazi, na baada ya hilo jingine, na jingine tena, bila ya kikomo.

Chemchemi ya pili ilikuwa na tamaa ndogo, na kwa hiyo ilifaa mapema. Mwaka 1971 Ralph Gorin wa Stanford aliandika programu ya kukagua tahajia. Na kabla ya miaka ya 1980 kusonga mbele, Lorinda Cherry na Nina Macdonald, pamoja na wenzao wa Bell Labs, walikwisha kuunda Writer's Workbench, iliyopima urefu wa sentensi, ikahesabu kauli za kutendwa na kuonyesha maneno ya ziada, huku ikimwachia mwandishi hukumu. Adabu hiyo naithamini sana.

Kwa Kiswahili kazi ilikuwa nzito zaidi, maana orodha ya maneno iliyotosha Kiingereza haitoshi kwa lugha ambayo kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuifunza kompyuta kanuni zenyewe za uundaji wa maneno yetu.

Maji ya chemchemi hizo yalichanganyika pale wataalamu walipoacha kuiandikia mashine kanuni, wakaiacha ijifunze kutokana na maandishi ya watu yasiyo na idadi. Mwaka 2019 Nick Walton, mwanafunzi wa Marekani, alitoa AI Dungeon, mchezo ambao msomaji huandika tendo na mashine huendeleza kisa. Na mwaka uliofuata ikaja Sudowrite, iliyokusudiwa watunzi wa riwaya, yenye kutunga na kusahihisha mahali pamoja. Februari 2023 jarida la Clarkesworld lilifunga kwa muda mlango wa kupokea hadithi, kwa wingi wa zilizotungwa na mashine. Mwaka huohuo waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani, baada ya mgomo wa karibu miezi 5, walipata mkataba unaomruhusu mwandishi kuitumia mashine kwa hiari yake, kampuni ikiridhia, lakini unaoikataza kampuni kumlazimisha.