Jinsi programu za kuchunguza logi zinavyoweza kufichua siri za watumiaji

KILA tarakilishi inayohudumia umma, iwe ya benki, ya hospitali au ya kampuni ya simu, huandika kimyakimya orodha ya yote inayoyatenda. Huandika ni nani aliyeingia, saa ngapi, kutoka wapi, aliomba nini na iwapo ombi lake lilikubaliwa. Orodha hiyo wataalamu huiita logi, na kazi yake inafanana na ile ya kitabu cha matukio kinachowekwa katika kituo cha polisi: jambo likiharibika, wachunguzi huanzia hapo.

Shirika lenye mamia ya seva haliwezi kumtuma mtu akasome logi za kila mojawapo. Kwa sababu hiyo pana programu maalumu ambazo hukusanya logi zote mahali pamoja, huzipanga na kumtahadharisha msimamizi dalili ya hitilafu au uvamizi inapojitokeza. Miongoni mwa zinazojulikana sana ni Splunk, iliyotoka kwa kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 2003, na Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2010 na ambayo hutumiwa pamoja na Kibana, programu ya kuonyesha data hiyo kwa michoro na majedwali.

Manufaa ya programu hizi hayana ubishi. Hata hivyo, mahali palipokusanywa habari za mfumo mzima ndipo mdukuzi atakapopatamani kuliko pengine popote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika usalama wa tarakilishi msemo huo umethibitika mara kadhaa.

Siri zinavyoingia katika logi

Njia ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi, ni mtayarishaji wa programu kuiagiza iandike mambo mengi kupita kiasi. Anapotafuta chanzo cha hitilafu, huiamuru iandike ombi lote la mtumiaji jinsi lilivyofika. Ikiwa ombi hilo lina nywila, nambari ya kitambulisho au nambari ya kadi ya benki, vyote huingia katika logi. Hitilafu ikishatatuliwa, agizo husahauliwa na uandishi huendelea kwa miezi au hata miaka.

Mnamo Mei 3, 2018, kampuni ya Twitter, ambayo sasa huitwa X, iliwashauri watumiaji wake wote, waliokadiriwa kuwa milioni 330, wabadilishe nywila. Kwa kawaida nywila ya mtumiaji haihifadhiwi ilivyo. Huvurugwa kwanza kwa hesabu maalumu, na kinachohifadhiwa ni matokeo yasiyoweza kurejeshwa kwa urahisi katika hali ya awali. Katika tukio hilo, kasoro ilisababisha nywila kuandikwa katika logi ya ndani kabla ya kuvurugwa. Kampuni ilisema haikuona dalili kwamba yeyote alizitumia vibaya. Siku chache awali GitHub, mtandao unaotumiwa na watayarishaji wa programu, ulikuwa umewaarifu baadhi ya watumiaji wake kuhusu kasoro ya aina hiyo hiyo.

Facebook nayo ilikiri mnamo Machi 2019 kwamba nywila za mamia ya mamilioni ya watumiaji zilikuwa zimehifadhiwa katika mifumo yake ya ndani zikiwa zinasomeka. Kosa hilo halikupita bure. Mnamo Septemba 2024 tume ya kulinda data ya Ireland iliitoza Meta, kampuni inayomiliki Facebook, faini ya Euro milioni 91.

Kasoro katika programu yenyewe

Njia ya pili ni udhaifu ulio ndani ya programu ya kuchunguza logi. Mwaka wa 2018 ilibainika kwamba matoleo ya Splunk hadi lile la 7.0.1 yaliweza kumpa mgeni maelezo ya seva, ikiwemo nambari ya leseni, iwapo angeongeza maneno fulani mwishoni mwa anwani ya wavuti. Kasoro hiyo ilisajiliwa kwa nambari CVE-2018-11409. Aliyeitumia hakupata data za wateja moja kwa moja, ila maelezo ya aina hiyo humsaidia mvamizi kupanga hatua inayofuata.

Mwaka wa 2023, kampuni ya Elastic ilitangaza kwamba Kibana, ilipopatwa na hitilafu, iliweza kuandika katika logi zake nywila na funguo za siri za watumiaji. Waliotumia matoleo ya awali ya 8 walitakiwa kuhamia toleo la 8.11.1, lililorekebisha kasoro hiyo.

Mlango ulioachwa wazi

Njia ya tatu haihitaji ujuzi wowote wa udukuzi. Hifadhi ya logi huunganishwa na intaneti bila kuwekewa nywila, na yeyote anayeijua anwani yake huingia. Mnamo Januari 2025, watafiti wa kampuni ya usalama ya Wiz walipata hifadhi ya namna hiyo ya DeepSeek, kampuni ya China inayotengeneza programu za akili bandia. Ilikuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya logi, pamoja na mazungumzo ya watumiaji na funguo za siri za mfumo. Hifadhi hiyo ilifungwa baada ya watafiti kuiarifu kampuni.

Kadhalika, logi huweza kunaswa njiani. Utaratibu wa zamani wa kusafirisha logi, uitwao syslog, ulizituma bila kuzifumba, hivyo aliyekuwa katikati ya mtandao aliweza kuzisoma. Viwango vya kuzisafirisha zikiwa zimefumbwa vilichapishwa mwaka wa 2009, lakini ni juu ya msimamizi kuvitumia.

Jinsi ya kujikinga

Kinga iliyo bora ni kutoandika siri tangu mwanzo. Programu inafaa kuagizwa ifute au ifunike nywila, nambari za kadi na za vitambulisho kabla ya mstari kuingia katika logi. Siri pia hazifai kuwekwa katika anwani za wavuti, kwa kuwa seva nyingi huziandika anwani hizo zote.

Pili, wanaoruhusiwa kusoma logi wawe wachache, na kila anayezisoma naye aandikwe. Tatu, logi ziwe na muda maalumu wa kuhifadhiwa, kisha zifutwe, maana kilichofutwa hakiibiwi. Nne, programu ya kuchunguza logi isasishwe kila marekebisho yanapotolewa, na isifikiwe moja kwa moja kutoka kwenye intaneti. Siri ikishagunduliwa katika logi, kuifuta pekee hakutoshi. Sharti nywila au ufunguo huo ubadilishwe, kwani nakala yake huenda imekwisha kusambaa.

Hapa Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 humtaka mwenye kusimamia data kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kutambua kwamba data za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa, pale ambapo wahusika wamo hatarini kudhurika. Nambari ya simu au ya kitambulisho iliyo ndani ya logi inaweza kumtambulisha mwenyewe sawa na iliyo katika sajili rasmi ya wateja. Shirika linaloilinda sajili na kuiacha logi wazi limefunga mlango wa mbele na kuusahau wa nyuma.