Je, Uhuru wa Kujieleza Humlinda Aliyekosea?

Ndugu msomaji, swali hili wanafunzi huniuliza mara kwa mara tunaposoma haki za raia. Uganda ililijibu tarehe 11 Februari 2004.

Mwezi Septemba 1997, gazeti la Monitor la Kampala lilinukuu jarida la ng'ambo lililodai kuwa Laurent Kabila aliilipa Uganda dhahabu kwa kumsaidia katika vita vilivyomwangusha Mobutu. Mhariri Charles Onyango-Obbo na mwandishi Andrew Mwenda walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo, chini ya kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu, sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Mahakama iliwaachia huru.

Hata hivyo, upanga ulirudishwa alani tu, haukuvunjwa. Kesho yake ungeweza kumwangukia mwandishi mwingine. Walikipinga pia kifungu chenyewe katika Mahakama ya Katiba. Waliposhindwa huko, walikata rufaa katika Mahakama ya Juu.

Katika hukumu kuu, Jaji Joseph Mulenga alieleza kwamba Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 hailindi kauli za kweli pekee. Kauli haipotezi ulinzi kwa sababu tu mwingine anaiona ya uongo, yenye makosa au isiyopendeza. Ni kweli kwamba Ibara ya 43 inaruhusu haki kuwekewa mipaka, lakini mipaka hiyo sharti iwe inayokubalika na kuhalalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Kifungu cha 50 hakikudai madhara yoyote yathibitishwe. Ilitosha kuwa habari ingeweza kuzua hofu. Mahakama ikakibatilisha.

Hukumu hiyo haikuhalalisha uongo. Aliyechafuliwa jina bado ana haki ya kudai fidia mahakamani. Kilichoondolewa ni uwezo wa dola kumfunga raia kwa kukosea tu.

Hoja hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kosa la uchochezi, kufuatia shauri la Mwenda huyo huyo, na mwaka 2023 ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta.

Basi, msomaji, usomapo sheria inayobana kauli, uliza: je, inazuia madhara gani yanayoweza kuthibitishwa? Ikiwa hakuna jibu, huenda inachokilinda ni mamlaka, wala si amani.